Koo linauma, kikohozi hakuna: usilipuuze

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na huisha yenyewe. Kwa virusi, antibayotiki haisaidii chochote. Kwa hiyo kabla hujamulika koo la mtu, uliza: anakohoa? Ana mafua? Sauti imekauka, au macho mekundu? Dalili hizo zikiwepo, huenda ni virusi. Bakteria wa streptokoka kundi A, yule anayeumiza koo na kuhitaji antibayotiki, kwa kawaida haji na mafua wala kikohozi. Huanza ghafla: kumeza kunauma, homa inafika nyuzi 38 au zaidi, kichwa kinagonga. Watoto wengine huumwa tumbo na kutapika, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea, maana nani atawaza koo? Wanaougua zaidi ni wa miaka 5 hadi 15. Chini ya miaka 3 ni nadra.

Kuangalia koo, mwelekeze mgonjwa kwenye mwanga au tumia tochi, kisha gandamiza ulimi taratibu kwa mpini wa kijiko safi. Usifike nyuma sana, atatapika. Tafuta mafindofindo yaliyovimba na kuwa mekundu, yenye mabaka meupe au ya njano, na vidoa vidogo vyekundu kwenye kaakaa. Papasa chini ya pembe za taya: tezi zilizovimba zikiguswa zinauma. Pitisha kiganja kifuani na tumboni pia. Upele unaokwaruza kama msasa huweza kuandamana na ugonjwa huu, na kwenye ngozi nyeusi mkono huugundua mapema kuliko jicho.

Hata hivyo mabaka meupe si ushahidi kamili, kwa sababu virusi navyo huyaleta. Kinachoamua ni kipimo: kijiti chenye pamba kinasuguliwa kwenye mafindofindo yote mawili, na majibu ya kipimo cha haraka hutoka baada ya dakika chache.

Nenda ukapimwe maumivu yakiwa makali na yana homa bila mafua, au yakizidi siku mbili bila nafuu. Si lazima ukimbie usiku wa manane, lakini hesabu siku tangu koo lianze kuuma. Dawa ikianza ndani ya siku 9 bado inazuia homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu vali za moyo. Mtego ni kwamba koo lenyewe hupoa siku ya tatu hadi ya tano hata bila dawa, na mtu akaona yamekwisha.

Dozi ya kawaida ni penisilini au amoksilini kwa siku 10, au sindano moja ya benzathine penisilini: yuniti 600,000 kwa mwenye chini ya kilo 27, na 1,200,000 kwa mwenye kilo 27 na kuendelea. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, apewe dawa nyingine. Vidonge vimalizwe vyote, na vilivyobaki kwa jirani havikuhusu. Baada ya saa 24 za dawa, homa ikiwa imeshuka, mtoto anaweza kurudi shule. Siku mbili zikipita bila nafuu, mrudishe kwa daktari. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha uzito inatosha. Aspirini asipewe mtoto.

Yapo mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo: kupumua kwa shida, mate kumtoka kwa kushindwa kumeza, kinywa kutofunguka, shingo kukakamaa, au upande mmoja wa koo kuvimba huku sauti imebanwa. Huenda usaha umejikusanya. Mwenye dalili hizi usimchokoe koo kwa kijiko. Na kwa wiki chache baada ya kupona, angalia mkojo wa rangi ya chai, uso kuvimba asubuhi, na maungio yanayouma kwa kuhamahama, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Ukiona mojawapo, rudi kwa daktari na umwambie kwamba koo liliuma hivi karibuni.