Mmeuliza: fangasi wa mizizi ya nyasi

Tangu niandike kuhusu fangasi wanaoishi kwenye mizizi ya malisho, ujumbe umekuwa mwingi. Haya machache.

Bwana shamba, fangasi ndio walioniozeshea mahindi ghalani. Leo ni rafiki? (Mfugaji, Kiteto)

Jina moja, tabia mbalimbali. Yule wa ghalani ni mlaji; hawa ni wafanyabiashara. Wanaingia ndani ya mzizi, nyasi inawapa sukari na mafuta, nao wanaleta fosforasi, kirutubisho cha mimea, kutoka mahali mzizi haufiki. Uzi wao ni mwembamba kuliko unywele kama mara 10 hivi. Biashara hiyo ina zaidi ya miaka milioni 400.

Uyoga unaoota malishoni mvua zikianza, ndio wao?

Sio. Hawa hawatoi uyoga. Ule unakula mavi ya ng'ombe na majani makavu.

Ng'ombe wengi wanawaua?

Wanawanyima chakula. Fangasi hawa wanalishwa na jani, basi jani likikatwa mpaka chini kila mara, nyasi inabana matumizi na mgeni wa mizizini analala njaa. Kinachouma zaidi ni kupungua kwa aina za fangasi hawa. Duniani zimetajwa zaidi ya 300, na kazi zao hazifanani: wengine hutandaza nyuzi mbali kutafuta fosforasi, wengine hukaa mzizini na kuukinga dhidi ya magonjwa. Malisho ya nyasi mchanganyiko yenye mikunde hulisha aina nyingi kuliko ya nyasi moja. Mifugo kiasi si adui, mradi nyasi ipate kupumua. Wasukuma wanaofunga ngitili, yaani malisho ya akiba, mvua zikianza, wakaifungua kiangazi, wamekuwa wakifuga fangasi bila kuwa na darubini.

Nimwage DAP, ile mbolea ya fosforasi, au ninunue ile chupa ya fangasi hai wa kupandikiza dukani?

Nyasi iliyoshiba fosforasi haioni sababu ya kumlipa mtu wa kati, kwa hiyo DAP nyingi inavunja biashara. Chupa, mimi nisingekimbilia. Malisho ya zamani yana fangasi wake. Shamba lililotoka kwenye kabichi au sukuma wiki ni habari nyingine, maana jamii hiyo haiwapokei kabisa. Panda kunde kwanza, halafu nyasi ya malisho ya Boma Rhodes.

Kabla ya kutoa hela, ng'oa shina la nyasi udongo ukiwa na unyevu, ulitikise. Udongo ukiganda mizizini kama unga kwenye vidole vya mkanda chapati, sehemu ya gundi hiyo ni nyuzi zao. Ukidondoka wote na mizizi ikabaki mitupu, anza kwa kuwatoa ng'ombe hapo.