Nimelipa laki mbili na sitini, mbona deni bado?

SWALI: Nilikopa benki shilingi 600,000 za kununua tuktuk, miezi 36, riba 18% kwa mwaka. Nimelipa 21,691 kila mwezi kwa mwaka mzima, yaani zaidi ya 260,000, na bado nadaiwa 434,488. Jamaa mmoja hapa Likoni asema benki yanila. Yuko tayari kulimaliza deni, nimrudishie yeye kwa miaka miwili kwa 12% tu, logibuku (hati ya umiliki wa tuktuk) akae nayo. Nikubali?

JIBU: Usikubali, kaka. Logibuku na ikae hapo benki ilipo.

Hesabu ya benki ni sawa. Ile ratiba ya amotaizesheni uliyotia sahihi, yaani jedwali la kila rejesho, riba ni ngapi na deni linapungua ngapi (wateja wangu huifungia maandazi) hutoza riba kwa deni lililobaki mwezi huo, si zaidi. Mwezi wa kwanza riba ilikuwa 9,000, zikasalia 12,691 za kupunguza deni. Mwezi wa 12 riba ilishuka hadi 6,742. Rejesho la mwisho kabisa litakuwa na riba ya shilingi 321. Mwaka wa kwanza ndio mchungu, na hapo ndipo hawa jamaa huja kubisha hodi.

Sasa hiyo 12%. Nimechoka kuambiwa "si ni ndogo kuliko 18?" Asilimia 12 ya nini? Shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani kama huyo jamaa, mara nyingi hupiga riba kwa deni la siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. Chukua kalkuleta: 12% ya 434,488, mara miaka miwili, ni 104,277. Benki riba iliyobaki ni kama 86,100. Rejesho lako litapanda hadi 22,449, na akijisikia ataiuza tuktuk.

Ukipata za ziada msimu wa wageni, peleka benki na uandike barua zipunguze deni lenyewe, zisihesabiwe rejesho la mwezi ujao. Angalia kwanza kama mkataba una ada ya kulipa mapema.

Na si shailoki peke yake. Pikipiki za mkopo, friji za mkopo, hata simu: bango huandika asilimia ndogo kwa herufi kubwa, au hawataji asilimia kabisa, ni "mia mbili tu kwa siku". Muulize muuzaji riba ni ya deni lote au ya lililobaki, na jumla nitatoa ngapi. Akianza kukuitia chai, shika njia.