Unga mwausema, pombe mwaificha

"Shangazi, shikamoo. Naandika kutoka Malindi. Kaka yangu ana miaka 31. Alikuwa akitembeza watalii kwa mashua, sasa hana kazi ila unga wa heroini. Tena hunywa kila siku, ingawa mama hataki hilo litajwe hata kwa daktari. Ramadhani iliyopita tulimfungia chumba cha uani aache vyote. Siku ya tatu akawa anapangusa mto akisema umejaa siafu, akizungumza na babu aliyekufa zamani. Mama akaenda kumwita fundi wa kupunga pepo. Kabla hajaja, kaka akatoroka, akanywa, akatulia. Juzi mwenyewe kasema amechoka, na daktari ataka alazwe, ila pesa hatuna mpaka tuuze bangili za mama. Mama asema afadhali tumfungie tena kuliko watu kumwona wodini. Nimsikilize nani? Dada Mtu."

Marahaba mwanangu. Msikilize daktari, na mlango wa chumba kile usifungwe tena. Nalitanguliza hili kwa sababu barua yako imenitia hofu, na hofu yenyewe si ya unga.

Ni wale siafu. Mama yako alidhani ni shetani, na simlaumu. Mtoto wako akisema na maiti mbele ya macho yako, utadhani nini? Lakini ubongo uliozoea pombe kila siku hutaharuki ukinyimwa ghafla. Mikono huanza kutetemeka baina ya saa 6 na 24 tangu tone la mwisho. Kifafa chaweza kumwangusha mtu ndani ya siku 2. Kisha, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine hupandwa na homa, jasho likawatoka, moyo ukaenda mbio, wakaona visivyokuwepo. Hali hiyo huua, mwanangu. Huenda kile kinywaji alichokitorokea ndicho kilichomwokoa siku ile, na nalisema kwa uchungu.

Arosto ya unga, yaani mateso ya kuuacha, nayo ni adhabu: tumbo hukata, mifupa huuma, mtu hutapika na kuhara, usingizi humkimbia wiki nzima. Lakini akinyweshwa maji na kuangaliwa, ni nadra kumuua mtu mzima. Sasa tazama mlivyofanya. Mmekitaja kile chenye aibu nafuu, mkakificha chenye kuua. Naelewa kwa nini. Kwetu mtoto wa unga watu humwonea huruma, mlevi huwa fedheha ya ukoo mzima. Lakini daktari akiambiwa unga peke yake, hatajua kwamba kuna kifafa cha kukinga. Na akimwanzishia metadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, huku mgonjwa anakunywa kisirisiri, viwili hivyo vikikutana hupunguza pumzi mpaka ikakatika.

Kwa hivyo nenda naye wewe. Daktari aambiwe ni chupa ngapi za mnazi kwa siku, chang'aa kiasi gani, mara ya mwisho kunywa ilikuwa saa ngapi, na kama humeza bugizi, vile vidonge vya kulewesha na kulaza, maana pia vikiachwa ghafla huleta kifafa. Ukiona haya kusema mbele ya mama, andika kwenye karatasi umpe nesi.

Wodini atapewa dawa kama diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku. Atapewa vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini na ukosefu wake huharibu kumbukumbu kabisa. Usiku mtu atakuja kumpima mapigo ya moyo na joto. Ndugu zangu, nani alimpima kule uani? Kwa upande wa unga, hospitali ya serikali hapo Malindi ilianza kutoa metadoni mwaka 2015. Kwa kawaida mgonjwa huinywa palepale, mbele ya mhudumu, kila siku. Daktari ndiye atakayepanga ianze lini.

Siku hizo chache za wodini husafisha mwili tu. Kichwa chataka miezi, kwa mashauri na kwa watu waliopitia njia hiyohiyo. Mradi wa Omari, unaosaidia watu kuacha unga, uko Malindi tangu 1995, ulizeni huko nafasi kabla hajatoka hospitali. Asije akapitisha hata wiki moja amekaa bure barazani, na maskani yake ya zamani ni mtaa wa pili.

Hapo niache niseme langu. Nina mpwa aliyemaliza siku 90 kituoni. Alirudi amenenepa, uso unang'aa, tukampikia pilau. Siku ya nne tulimkuta chooni, bomba linamwaga maji, kanzu yake imeloa mpaka kifuani. Alirudia kipimo chake cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Hakuna aliyetwambia kwamba siku za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari zaidi. Basi mimi nakwambia wewe. Uliza pia habari za naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha unga, na namna ya kuitumia.

Kuhusu bangili za mama, zisiuzwe kwanza. Hakikisheni kaka amesajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kisha mkaulize hospitalini ni gharama gani italipiwa na ipi itabaki kwenu. Na mama mwambie kwa upole kwamba kijana kukubali mwenyewe kuwa amechoka ni jambo ambalo nyumba nyingi hulingojea miaka. Msilichezee. Mkikwama, pigeni 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Mpaka siku ya kulazwa, asiiache pombe ghafla peke yake nyumbani, wala msimnyang'anye. Najua hili litamchoma mama. Na akianza kutetemeka, au kuona siafu tena, msingoje asubuhi wala fundi. Tafuteni tuktuk, usiku huohuo, mumpeleke kasualti.

Shangazi yako