Hakuwa na Agosti

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: utajuaje kwamba mtu amekwama maishani, na anajinasuaje? Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa hiyo jibu langu litanuka dagaa. Mnivumilie.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa ikiwaka juu ya maji, vijidudu vya majini huufuata mwanga, dagaa nao huvifuata vijidudu, na wavu unawangoja hapo chini. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hawana sababu ya kujikusanya kwenye taa ya mtu. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi hulala ufukweni. Mgeni akipita siku hizo akaona vijana wameketi mchana kutwa, atasema watu wa Kigoma ni wavivu. Asogee karibu. Huyu anashona wavu, yule anaziba ufa wa mtumbwi, mwingine anagombana na fundi kuhusu betri ya taa. Na yeyote utakayemuuliza lini wanarudi majini, atakutajia siku.

Hapo ndipo ninapompimia mtu. Anayesubiri ana siku anayoingoja, na mikono yake ina kazi.

Mdogo wangu wa kiume alimaliza stashahada ya ualimu akarudi nyumbani Ujiji kusubiri ajira za serikali. Mwanzoni alikuwa anasubiri kweli: maombi ameshatuma, jioni anawafundisha hesabu watoto wa jirani. Majina yakatoka, lake halimo. Yakatoka tena, halimo. Tuisheni ikafa, maana "nikipangiwa kituo nitawaacha njiani". Viatu vikaisha soli, hakununua vingine. Atanunua akianza kupokea mshahara. Asubuhi yuko barazani na simu mkononi, mchana yuko barazani, kivuli kimehama naye kahama nacho. Akiwaona aliosoma nao wanakuja, anaingia ndani kama aliyesahau kitu. Ukimuuliza habari za leo, "Nipo tu, dada."

Mvivu hakuwa, na wala si uvivu ulionitisha. Kilichonitisha ni kwamba aliacha kukasirika. Zamani majina yakitoka bila lake alikuwa anafoka mpaka mama anamwambia anyamaze, majirani wanasikia. Safari ya mwisho hata hakuyafungua, akaambiwa na mama. Mtu anayelalamika bado anadai kitu. Akishanyamaza, msogelee.

Kisha ikaja 2024, serikali ilipopumzisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kibirizi tuliumia, nisidanganye. Mitaji ilikatika, watu wakaishi kwa kukopa. Lakini hata mdeni aliweza kumwambia anayemdai "ngoja Agosti", akaeleweka. Nikawa najaribu biashara ya mawese (haikunilipa, ila ilinitoa nyumbani), na kila nikirudi jioni namkuta mdogo wangu palepale. Wote tulikuwa tumesimama miezi ile, ila yeye hakuwa na Agosti.

Ziwa lilipofunguliwa sikumpa mawaidha. Mawaidha alishapewa na kila mjomba. Nilimwambia nina mzigo wa kuanika na sina mtu, nitampitia alfajiri. Nikampitia. Kesho yake nikampitia tena, akanifungulia mlango amenuna, nikamkabidhi ndoo.

Kuanika dagaa hakutaki moyo mkunjufu. Ukiwaanika chini wanashika mchanga, na mteja wa Dar es Salaam akitafuna mchanga mara moja harudi, kwa hiyo sisi tunatumia chanja, upepo upite juu na chini. Unawatandaza wasilaliane, unawageuza, unafukuza kunguru, wingu likitanda unakimbia kuwafunika. Hakuna nafasi ya kukaa ukajiuliza unajisikiaje.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwa nini ilimsaidia. Chuoni walisoma habari za Martin Seligman na wenzake, watafiti wa Marekani waliofanya majaribio kwa mbwa miaka ya 1960. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzikwepa, baadaye wakiwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, wengi walilala wakaugulia. Kuwaita hakukusaidia. Ilibidi wafungwe kamba na kuvutwa hadi upande wa pili, tena na tena, mpaka wakaanza kuruka wenyewe.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbwa, dada?"

Nikamwambia ageuze dagaa.

Wapo wanaoamini dawa ya kukwama ni kuhama. Kigoma mwisho wa reli, wanasema, panda treni uende mjini. Reli ilifika hapa 1914, na tangu hapo mizigo inashushwa behewani na kupakiwa melini kwenda Bujumbura na Kalemie. Mwenye mzigo aende popote. Ila nimewaona waliohamisha baraza tu, wakaenda kukaa kwenye baraza la shemeji Mbagala.

Nisisitize jambo moja kabla mtu hajaniiga vibaya. Kama ndugu yako hali, halali, hafurahii chochote kwa wiki mbili au zaidi, au anasema heri asingekuwepo, usimpeleke kuanika dagaa. Hiyo yaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na una tiba. Mpeleke hospitali; sisi huku tuna Maweni. Na kama anazungumzia kujidhuru, mpeleke leo, usimwache peke yake.

Mdogo wangu bado anatuma maombi ya ualimu. Siku hizi ndiye anayeandika daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na wamama wanamwogopa kwa faini. Majina yakitoka na lake likiwemo, ataondoka. Tumeshakubaliana amfundishe mtu daftari kabla, na Jumamosi iliyopita alianza na binti wa mweka hazina.