Nyimbo Zinawaharibu Vijana? Dijei wa Harusini Naomba Nami Niseme

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe za wanawake za harusi, kupamba na kesha, hapa Mombasa. Wanaume hawaingii, picha hazipigwi, kwa hivyo vijana wangu hufunga maspika alasiri, wakajaribu sauti, wakaondoka. Nabaki mimi na mitambo yangu pembeni ya ukumbi. Kutoka pale nawaona bibi, mama na binti wa nyumba moja wakicheza wimbo mmoja, na nikikunja nyaya usiku hakosi mmoja wao wa kunifuata: "Mwanangu, hizi nyimbo za siku hizi zatuharibia watoto. Ama wewe waonaje?"

Mimi naona zina athari. Ila wazazi wengi wanasikiliza pasipostahili. Wanatafuta matusi. Mimi zinazonitia wasiwasi ni nyimbo ambazo hazina hata tusi moja.

Tuyamalize hayo ya matusi kwanza. Mwambao huu haujawahi kuwa na muziki wa haya tupu. Vugo la harusini, lile la kugonga pembe kwa vijiti, lina beti ambazo siwezi kuziandika hapa, na zinaimbwa na wanawake wazima wanaoheshimika mtaani. Chakacha nayo ni ngoma ya kiuno, hakuna namna nyingine ya kuieleza. Zuhura Swaleh alipovuma miaka ya 1970 na 1980 kwa taarabu yenye mapigo ya chakacha, wako waliokunja uso, na leo nikiipiga ni hao hao wanaoinuka wa kwanza kujifunga leso. Rudi nyuma zaidi, enzi za Mwingereza, mji huu ulikuwa na vikundi vya beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, vilivyoshindana, Kingi na Skochi, kwa gwaride, nguo na karamu. Na akina mama nao wakishindana kwa lelemama, wakitungiana nyimbo za kusutana. Kila kizazi kilikuwa na wazee wake wa kusema dunia imekwisha.

Tofauti ipo, na ni kubwa: vugo lilikuwa na mlango. Liliimbwa mahali pake, na waliotakiwa kulisikia, na palikuwa na somo, yule mwanamke wa kumfunda mwari, wa kumfafanulia kinachosemwa. Wimbo wa leo hauna mlango. Unatoka kwenye matatu ya Kisauni saa moja asubuhi mtoto akienda shule, unaingia kwenye simu, unalala naye.

Ndiyo maana marufuku hazisaidii sana. Mwaka 2019 bodi ya kuainisha filamu ya Kenya ilitangaza kwamba nyimbo "Wamlambez" na "Tetema", kwa maneno yao machafu, zisipigwe nje ya vilabu na baa. Sawa, ukumbi wa harusi si baa, nikaziondoa. Basi kwenye kesha moja wasichana waliniomba "Wamlambez", nikakataa, wakaenda zao katikati ya ukumbi wakaiimba bila ala: mmoja anaita, kundi zima linaitikia, hadi watoto wa chekechea. Mama zao wakicheka. Marekani nao walibishana na jambo hili hadi kwenye Baraza la Seneti mwaka 1985, na matokeo yake ni kibandiko cha kuwaonya wazazi juu ya kanda na sahani. Nani asiyejua kijana akikiona kibandiko kama kile atachukua ipi?

Haya, sasa zile nilizosema hazina tusi: nyimbo za kusifu pesa.

Nina mpwa wangu, kijana mzuri, alimaliza kidato cha nne akapata nafasi ya kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi kwa rafiki ya babake. Mji wa joto kama huu, hoteli zote hizi, hiyo ni kazi. Akaenda wiki chache akaacha. Nilipomuuliza akaniambia, "Shangazi, nitavaa ovaroli mpaka lini?" Simu yake nzima ilikuwa vijana wa rika lake wamevaa mikufu, wameegemea magari, wanarusha noti. Hakuna anayetukana. Hakuna hata anayevua shati. Lakini katika video zile zote hakuna mtu hata mmoja anayefanya kazi. Pesa iko tu, imekuja.

Mtoto akila chakula hicho kila siku, kazi ndogo inamtia aibu. Akishaona aibu ya kazi ndogo, kinachobaki ni njia ya mkato, na mji wetu hauna uhaba wa njia hizo. Ziko kamari za simu. Kuna muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa kama miraa, ambayo hadi gavana Abdulswamad Nassir alifika mahali pa kutangaza marufuku Mei 2024 kwa jinsi ilivyowala watoto wa watu.

Nisiseme uongo lakini: wimbo haukuondoa ajira Mombasa. Mwaka 2019 watu waliandamana hapa mjini kila Jumatatu kwa sababu mizigo ya bandari iliamriwa ipande reli, madereva wa malori na mabohari yakabaki kukodoa macho. Hawakutumwa na msanii. Mzazi anayemlaumu mwanamuziki kwa kila kijana aliyekaa maskani anajipa njia rahisi. Wimbo hukuta pengo, ukakaa hapo.

Kwa mpwa wangu sikumpokonya simu. Nawaambia kwa kuona mengi: simu iliyopokonywa huazimwa kwa jirani, na huko hujui wanachotazama. Nilimchukua kazini. Mbali na harusi huwa nakodisha taa na mashine ya moshi kwa wapiga video, na siku moja tulikuwa na kazi kwenye nyumba moja ya kifahari Nyali. Akaona mwenyewe. Nyumba ya kukodi kwa siku. Gari jekundu linalong'aa, dereva wake amekaa chini ya mwarobaini anaangalia saa, maana akichelewa kulirudisha tajiri wake anatoza zaidi. Zile noti zilirushwa, halafu vijana wawili wakapiga magoti na kuziokota moja moja, mtu akazihesabu, zikapungua, ikawa kelele. Msanii mwenyewe aliniomba punguzo la taa. Mpwa wangu alicheka hadi akakaa chini.

Sisemi ilimbadilisha siku ile ile. Alirudi kwenye friji baada ya muda, kwa sababu zake, na mojawapo nadhani ni kwamba mamake alikoma kumpa nauli. Lakini tangu hapo akitazama video husema, "Shangazi, hilo gari ni la saa ngapi?" Mkipata nafasi wapelekeni watoto waone jikoni mwa vitu hivi. Studio ndogo ndogo zimejaa Mombasa, nyingi ni chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, na wenyewe hawakatai kijana kuchungulia.

Njia nyingine, hii ni ya nyumbani na haina gharama. Mwanao akiwa anaimba sheng akidhani huielewi, mwambie kwa upole akufafanulie mstari kwa mstari wakati wa chakula cha usiku, babake akiwepo. "Huyu anasema nini hapa, mwanangu? Na hapa?" Usikasirike, uliza tu. Mara nyingi hafiki mstari wa tatu. Atapunguza sauti mwenyewe, na kuanzia siku hiyo atajua kwamba unasikia. Ila uwe tayari kusikiliza zile nzuri pia, maana ziko. Wako wasanii wa Pwani wanaoimba maisha yetu kwa Kiswahili cha kupendeza, na mzazi anayekataa vyote kwa jumla mtoto anamuona hajui kitu.

Kuhusu mabinti nina neno fupi. Sikiliza kama mwanamke ndani ya wimbo anajibu au ananunuliwa tu. Kwenye taarabu ya zamani mwanamke alikuwa na kijembe chake, akisutwa anasuta. Nyimbo nyingi ninazoombwa sasa anasifiwa umbo, anatajiwa bei, basi. Binti akizoea hivyo sishangai akija kuona kutajiwa bei ni mapenzi.

Kuna wanaosema ala zote ni haramu na mjadala uishie hapo. Hilo ni la masheikh, mimi siliingilii, ingawa wengine wao huniita kwenye harusi za binti zao.

Na mwenye kuniita, anipe mapema orodha ya asichokitaka, kabla ya arubuni. Usinijie katikati ya shughuli kunitaka nizime wimbo ambao bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeuomba.

Nimalizie na madhara ambayo sijawahi kuulizwa na mzazi yeyote, na ndiyo niliyo na hakika nayo kuliko yote: masikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari, lakini ikifika 90 ni saa nne tu kwa wiki nzima. Mwaka 2022 likaweka kiwango cha kumbi na matamasha, wastani usizidi desibeli 100. Hapo hapo vijana wana visikilizi masikioni siku nzima, wakitoka wanapanda matatu yenye spika chini ya kiti. Kijana wangu mmoja wa mitambo anasikia mlio sikioni usiku kucha hata kukiwa kimya, na hajafika miaka thelathini. Mwanao akikwambia sikio linavuma baada ya harusi, mpeleke kwa daktari likiendelea. Mpunguzie sauti ya simu. Na wale wachanga, tafadhali akina mama, msiwalaze nyuma ya spika eti pana nafasi na giza. Kila shughuli nawaondoa.