Mguu umeshanyooka, viatu vya chuma vya nini tena?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miezi 4 alizaliwa na mguu kifundo, yaani uliopinda kwa ndani, wa kulia. Alifungwa hogo (plasta ngumu) mara 5, akakatwa mshipa wa kisigino, na sasa ana wiki ya 6 kwenye viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Mguu umenyooka kabisa, ila usiku analia na kisigino kimetoka lengelenge. Mama mkwe anasema tumvue, kuna bibi atamkanda kwa mafuta. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mama. Msimwachishe viatu. Hogo limeunyoosha mguu, lakini kinachouzuia usirudi ni viatu. Kano za nyuma na za ndani ya kifundo ni zile zile zilizoupinda tangu tumboni, na miaka hii anayokua haraka zitauvuta tena. Mguu uliokwisha kunyooka ukipinda upya, mara nyingi viatu viliachwa mapema. Miezi 3 ya mwanzo ni saa 23 kwa siku, saa 1 ya kuoga. Baada ya hapo ni wakati wa kulala tu, saa 12 hadi 14, mpaka afike miaka 4 au 5.

Lengelenge halisemi kwamba kiatu kinabana. Mkanda umelegea, kisigino kinapanda na kushuka, ngozi inachubuka. Mvalishe soksi ya pamba, mkunje goti, sukuma kisigino hadi kikae chini kabisa, kisha funga mkanda wa katikati kwanza. Chungulia kwenye tundu la nyuma ya kiatu: usipokiona kisigino, anza upya. Usipake mafuta palipo pekundu. Pakiwa kidonda, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Na kila mnapomvua kwa sababu analia, anajifunza kwamba kilio kinavua viatu.

Chuma nacho kisitolewe. Ndicho kinachoushika mguu wa kulia ukiwa umegeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70. Kiatu peke yake hakiwezi, kwa hiyo wanaowauzia wazazi “viatu vya kunyoosha miguu” visivyo na chuma wanawala pesa zao bure.

Ama kukanda, mkono ukiachia tu mguu unarudi. Hogo lilifanya kazi kwa sababu liliushikilia wiki nzima. Kubaya zaidi ni kuukandamiza unyayo juu kwa nguvu ili kisigino kishuke. Kisigino hakishuki, mguu unavunjikia katikati, na unyayo unatuna kama tumbo la mtumbwi. Ukifika hapo, kuurekebisha ni kazi ngumu kuliko mguu kifundo wenyewe. Wanaofunga vijiti na vitambaa nao hukata damu. Vidole vikiwa vya baridi au vya bluu, fungua hapo hapo.

Siku kisigino kitakapoacha kufika chini ya kiatu ingawa umefunga vizuri, usingoje tarehe ya kliniki. Ukiwahi, mara nyingi hogo mbili tatu hutosha.