Pedi ya ndani imeisha, ya nje bado ina nyama: kosa ni la pedi au la kalipa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, naishi Iringa na nashuka mlima Kitonga mara mbili tatu kwa mwezi. Pedi za mbele nilibadilisha miezi saba iliyopita. Wiki hii gurudumu la kushoto limeanza kukwaruza. Kufungua, pedi ya ndani imebaki bati tupu, ya nje nyama yake (sehemu inayosuguana na diski) ni kama nusu. Fundi wa mtaani anasema niliuziwa feki, nichukue za seramiki. Nimsikilize?

JIBU: Nzuri, ndugu, na pole. Gari hilo usilitembeze tena mpaka litengenezwe, maana chuma juu ya chuma hakisimamishi gari kwenye mteremko. Kuhusu feki, inawezekana, ila pedi mbovu huisha za ndani na za nje karibu sawa. Ikiisha ya ndani peke yake, mtuhumiwa wa kwanza ni kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Ukifunga pedi mpya hata za bei kubwa bila kuigusa kalipa, baada ya miezi michache utarudi palepale.

Kalipa ya IST ina pistoni moja, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje ibane diski. Pini zikikwama, ya ndani inafanya kazi ya watu wawili. Ukiachia pedeli, haina nafasi ya kurudi, inaendelea kulamba diski barabara nzima.

Kwa hiyo fungua kalipa na uchomoe pini zote mbili kwa mkono. Zinatakiwa kuteleza bila kulazimishwa. Ukikuta kutu au matope, angalia vifuniko vyake vya mpira, mara nyingi vimepasuka. Chunguza pia pini yenye bushi ndogo ya mpira mwishoni: hiyo huvimba na kugoma iwapo mtu aliipaka grisi ya kawaida ya beringi, kwani grisi ya mafuta ya petroli inaharibu mpira. Safisha matundu, badilisha mpira uliovimba, paka kiasi kidogo cha grisi ya silikoni ya breki. Pini hizo si pacha, rudisha kila moja kwenye tundu lake.

Pini zikiwa safi, hamia kwenye pistoni. Irudishe ndani taratibu kwa klampu huku mfuniko wa kopo la mafuta ya breki ukiwa wazi. Kama kopo lilijazwa hadi juu wakati pedi zinaisha, punguza kwanza, yasije yakamwagika na kubabua rangi ya gari. Pistoni ikigoma, legeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Ikirudi kirahisi hapo, hozi ya mpira imeziba kwa ndani na inazuia mafuta kurudi, badilisha hozi. Ikigoma hata hivyo, pistoni ina kutu: inahitaji sili mpya, na ikiwa imechimbika, pistoni mpya au kalipa. Kisha kalipa usiiache ikining'inia kwa hozi, ifunge kwa waya kwenye springi.

Diski yako ya kushoto upande wa ndani lazima imekwaruzwa. Unene wa chini kabisa umegongwa kwenye diski yenyewe, baada ya maandishi MIN TH. Pima kwa mikromita sehemu kadhaa, si kwenye ukingo uliobaki juu. Ikiwa kuchonga kutaishusha chini ya namba hiyo, nunua mbili. Mafundi wengi hupiga msasa na kufunga. Makovu yanayoshika ukucha yatakula pedi mpya haraka.

Sasa pedi. Nenda dukani na pedi ya zamani pamoja na namba ya chesisi, kwa kuwa IST zina injini na matoleo tofauti. Linganisha umbo la bati na masikio yanayokaa kwenye klipu (vibati vinavyoshika pedi). Sikio lililo nene kupita kiasi linakwama, na hapo umejitengenezea tatizo lilelile upya. Nyama iwe imeshika bati pande zote, isimeguke pembeni kwa ukucha. Mara nyingi kwenye bati au ubavuni pameandikwa herufi mbili: ya kwanza ni mshiko wa breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Kwa mtu wa Kitonga ningechukua FF na kuziacha EE.

Seramiki hazina ubaya: kimya, vumbi kidogo. Lakini neno hilo kwenye boksi la bei ya kutupa halina maana, na kwako si lazima. Ukibeba mzigo, zenye chembe za chuma zinavumilia joto vizuri, ingawa zina kelele kidogo na zinakula diski zaidi. Ukitembea bila mzigo, pedi halisi za Toyota zinatosha. Badilisha pande zote mbili, kushoto na kulia, pamoja na klipu.

Nati za rimu kaza kwa nguvu ya Nm 103. Kabla ya kuondoka pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Usipopampu, mkanyago wa kwanza utazama hadi chini na gari halitasimama. Zilainishe pedi barabara tupu: kutoka 60 kushuka hadi 10 km/h mara kama kumi, bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe kidogo katikati.

Mafuta ya breki yakishafika miaka miwili yamenyonya maji, na maji ndiyo yanayochemka Kitonga pedeli ikalegea. Weka DOT 3 au DOT 4, kamwe si DOT 5. Mteremkoni shuka na gia 2 au L. Ukifika chini, sogeza kiganja karibu na rimu mbili za mbele bila kugusa: ya kushoto ikiwa moto kuliko ya kulia, kalipa bado inabana.